Mguu Ulimwasha Siku Ngapi?

Wazo, 2 Machi 2025

Kaka Apolinari,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mimi mzima. Mgongo unaniuma kwa kulima, lakini huo ni utawa, siyo ugonjwa, kwa hiyo usianze kuniandikia dawa. Mama ameniletea salamu kwa mdomo wa padre aliyetoka Rombo, kwamba ng'ombe mwekundu amezaa jike. Najua wewe amekupigia simu mara tano kukuambia habari hiyohiyo. Wifi Tusajigwe anaendeleaje na ule ujauzito? Mwambie namsalia rozari kila siku, na asikubali umkemee kama unavyowakemea wagonjwa.

Sasa sikiliza, na usipige kelele. Jumatano hii ni Majivu. Hii ndiyo barua ya mwisho utakayoipata kwangu hadi Pasaka. Hapa kwetu Kwaresima tunafunga barua pia. Mwenye kutaka anaandika, lakini Mama Mlezi anaipokea, anaitia kabatini, anafunga kwa ufunguo. Zinazotoka kwenu nazo zinaingia humohumo. Hazisomi, anatuamini. Jumatatu ya Pasaka kabati linafunguliwa, zetu zinatoka na zenu tunapewa. Anasema mnovisi ndiyo kwanza anajifunza utawa, na asiyeweza kusubiri barua ya ndugu yake hataweza kumsubiri Mungu. Simu hatuna tangu tulipoingia, hilo unalijua na umeshalilalamikia vya kutosha.

Habari nyingine ni kwamba tumepata mtoto wa mbwa. Alipenya mwenyewe chini ya geti, mbavu zinahesabika, na Jonas mlinzi wetu akashindwa kumfukuza. Sie wanovisi tukampa jina Aleluya. Mama Mlezi alicheka hadi akavua miwani, halafu akakumbuka kwamba neno hilo halitamkwi wakati wa Kwaresima. Kwa hiyo kuanzia Jumatano mbwa ataitwa Wewe.

Niombee nisiwe na kiburi.
Mdogo wako, Felicitas


Buguruni, 9 Machi 2025

Kwa Kabati la Mama Mlezi, imfikie Felisi siku litakapopenda,

Milele amina, marahaba. Wifi yako anakusalimu, miguu imevimba, presha nimempima mwenyewe iko sawa, na anayekemewa ni mie. Anasahihisha madaftari ya wanafunzi kitandani, kitanda chote kimejaa chaki.

Felisi, mie sielewi hii dini ya kufunga barua. Nipo mji mmoja na wewe, bodaboda inanifikisha kwenu kabla chai haijapoa, lakini ni kama nina mdogo Kanada. Nikija getini naambiwa wanovisi hawapokei wageni. Haya, ukiumwa je? Nani ataniambia? Hapa hospitali, emejensi, kazi yangu yote ni kuwauliza watu, "Ilianza lini?" Nikishajua ilianza lini, nusu ya ugonjwa nimeshaupata. Sasa ndugu yangu mwenyewe ndiye siwezi kumuuliza.

Najua utalisoma hili likiwa limeshachacha. Lakini nimesema.
Kaka yako, A.


Wazo, 16 Machi 2025

Kaka,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo ya kabatini. Sie wazima. Kwaresima inakwenda, maharage yanakwenda, na wimbo wa Njia ya Msalaba sasa naimba sauti ya pili, nawe ulisema sina sauti hata moja.

Wewe amekufa. Namaanisha yule mbwa, siyo wewe. Nimelia, na najua utanicheka. Siku mbili tatu alikuwa hana raha. Sauti ilimkauka, akibweka anatoa kama kikohozi cha mzee. Mate yanamtoka, chakula anakitazama tu, taya limelegea. Nikajua amekwamwa na mfupa kooni. Jikoni kulikuwa na kichwa cha samaki juzi yake, nani asingejua? Ijumaa, saa ya ukimya, nikazunguka nyuma ya jiko, nikampakata, nikamfungua mdomo na kumtia kidole niutoe. Mfupa sikuuona. Akaniuma kidole cha shahada, mkono wa kulia, meno madogo kama sindano. Halafu akaniangalia kama hanijui.

Kesho yake Jonas akamkuta amekufa chini ya migomba, akamzika. Anasema atakuwa amekula sumu ya panya kwa jirani. Kidole nilikitia chumvi na mshubiri, nikakifunga kitambaa, kimeshaanza kukauka. Mama Mlezi sikumwambia. Ile ilikuwa saa ya ukimya na sikutakiwa kuwa nyuma ya jiko. Kidole tu, na mbwa mwenyewe mtoto, hata hakuwa amefika magotini.

Usimwambie mama kwamba nililia kwa ajili ya mbwa. Atasema nilitoka Rombo mzima nikaharibikia Dar.
Felicitas


Buguruni, 30 Machi 2025

Felisi,

Marahaba. Tusajigwe mzima, mama mzima, ndama mzima, wote wazima. Mie ndiye si mzima, na kwa kuwa hutasoma hadi Pasaka, ngoja nikwambie wewe, kwa sababu nyumbani siwezi kumwambia mjamzito.

Wiki hii waliniletea mtu kutoka Vingunguti, mchuna ngozi za mbuzi. Nitamwita Fransis, si jina lake. Kaka zake walimfunga kamba za katani mikono na miguu. Mmoja anasema mapepo, mwingine anasema malaria imepanda kichwani. Daktari Allen, mwenzangu wa zamu, alikuwa anamwandikia dawa ya homa ya uti wa mgongo. Na mtu mwenyewe akili anazo! Ananiambia, "Daktari, kiu inaniua." Nikamletea maji kwenye kikombe. Felisi, kikombe hakijafika mdomoni koo lilimkaba, macho yakamtoka, akakipiga kikombe kikaenda ukutani. Halafu ananiomba maji tena, analia. Feni ikampulizia usoni, akaruka vilevile.

Nikasema zimeni feni. Nikamuuliza mkewe, amewahi kuumwa na mbwa? "Mbwa gani, daktari? Hana ugomvi na mbwa." Nikauliza tena na tena, nikamkera. Mwisho akasema, labda yule mtoto wa mbwa wa jirani alimkwaruza mguu wakati wa mwaka mpya, kidonda kilishapona. Ila kabla hajaanza haya mambo, mguu ulikuwa unamwasha palepale penye kovu, wakajua ni fangasi.

Ni kichaa cha mbwa. Daktari Allen miaka yote ya kazi hajawahi kukiona, mie ni mara ya pili. Mtu akishafika kuogopa maji, dawa ya kumrudisha haipo. Haipo, Felisi, si hapa wala Ulaya. Tulimfungua kamba, tukampa ya kumtuliza, tukapunguza mwanga, mkewe akamshika mkono hadi mwisho. Ndiyo matibabu yote tuliyokuwa nayo.

Na kinachoniuma ni kwamba kinga ipo, tena rahisi. Sabuni na maji ya kutiririka, uoshe hadi mkono uchoke, kisha chanjo. Hata wiki zikipita, chanjo inafaa bado, ilimradi dalili hazijaanza. Fransis kuwashwa kule kulikuwa dalili tayari.

Nilikumbuka mbwa wenu nikampigia Mama Mlezi. Akasema, "Mbwa hatuna tena, daktari." Moyo ukatulia. Mmefanya vema kumfukuza.
A.


Wazo, 27 Aprili 2025

Kaka,

Tumsifu Yesu Kristo, amefufuka kweli, na shikamoo. Kipindi cha Pasaka tunaruhusiwa barua kila Jumapili, Jonas anampa bodaboda, kwa hiyo hii utaipata mapema.

Sikupata nafasi ya kukuambia vizuri ile Jumatatu. Nilipewa barua zako mbili, nikakaa kwenye ngazi ya ghala nazifurahia. Nilipofika pale mkewe Fransis anasema "mtoto wa mbwa" nikaurudia mstari ule kwa sauti. Nikaenda kwa Mama Mlezi nikampa barua yako, nikamwonyesha kidole na kumwambia yote. Alisoma amesimama. Hakuuliza kuhusu saa ya ukimya. Alichukua ufunguo wa gari mwenyewe, na aproni yake ya jikoni bado amevaa.

Na sie tunafungua geti, wewe huyo unashuka kwenye bodaboda, barua yangu ya kabatini mkononi, mguu mmoja kandambili yako, mwingine ya Tusajigwe. Yale uliyomwambia Mama Mlezi siwezi kuyaandika siku ya Bwana. Ujue hakukasirika. Tangu siku hiyo kabati halina kufuli, na yeye anakula amesimama kama mtu anayesubiri gari.

Sindano nimechomwa ya kwanza pale mjini mbele yako, ya pili ameichoma sista nesi wetu. Ile dawa nyingine uliyoitafuta ya kuchoma kwenye jeraha, ulisema haikupatikana. Ukasema, "Tumewahi, Felisi, ondoa shaka." Ulisema haraka sana.

Nina swali moja tu. Yule Fransis, kabla ya kuogopa maji, mguu ulimwasha siku ngapi?
Felicitas


Buguruni, 29 Aprili 2025

Felisi,

Marahaba, amefufuka kweli. Mama amepiga simu, ndama anataka kumwita jina lako, nimemkataza. Tusajigwe amepata hamu ya udongo wa kichuguu, mie huku nazunguka Buguruni sokoni kutafuta udongo, mtu mzima na akili zangu, wauzaji wananicheka.

Sindano ya tatu usikose. Ya nne wiki ijayo. Kula vizuri, lala vizuri. Usikae unasoma zile barua za Kwaresima, nilikuwa nimechoka wakati naandika. Zichome.

Mvua za huku zimezidi. Kwenu je?
A.


Wazo, 4 Mei 2025

Kaka,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Ya tatu nimechoma. Mvua ipo. Udongo wa kichuguu upo tele nyuma ya kanisa, nitakuwekea mfuko kwa Jonas.

Hujanijibu.

Nilikuuliza kitu kimoja, ukanipa habari za ndama. Kaka, mimi nimelelewa na wewe. Baba alipofariki, wewe ndiye uliyeniambia, wengine wote walisema amesafiri. Nakujua ukinyamaza. Kama ni habari njema ungeiandika mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Barua sijaichoma. Nimeirudia hadi naijua kama Salamu Maria. Umeandika chanjo inafaa ilimradi dalili hazijaanza. Umeandika kuwashwa ni dalili tayari. Sijui kusoma vitabu vyenu lakini hayo ni Kiswahili.

Nijibu. Siku ngapi?
Felicitas


Buguruni, 6 Mei 2025

Felisi,

Marahaba. Hakuna salamu nyingine leo.

Unaniuliza siku ngapi. Na mie nakuuliza, kwa nini unataka kujua? Kidole kinawasha? Kimeanza lini? Umeniandikia karatasi nzima kunisuta na hilo moja hujaligusa. Unanijua nikinyamaza, sawa, hata mie nakujua ukizunguka mbuyu.

Elewa nimekwama wapi. Namba ninayo. Kama kidole chako kimeanza muda mrefu uliopita, namba hiyo ni sherehe. Kama kimeanza siku ile unaniandikia, au jana, namba hiyo ni hukumu, na nitakuwa nimeisoma kwa ulimi wangu. Sitaki kumwambia mtu wangu hukumu kwa karatasi, akiwa peke yake, nyuma ya geti. Siwezi! Hospitali naweza, huwaga nawaambia watu kila siku. Wewe siwezi.

Kila asubuhi nampigia Mama Mlezi namuuliza kama umekunywa chai. Anajibu, "Amekunywa, daktari," taratibu, kama anaongea na mgonjwa. Ijumaa nilitoka zamu nikaja hadi kwenu. Sikugonga. Nilichungulia kwenye tundu la geti nikakuona unamwagilia kabichi kwa mpira, maji yanakurukia usoni nawe unacheka na wenzako. Nikakaa kwenye jiwe nikalia hadi Jonas akaniletea kiti. Halafu nikaondoka, maana ningekuita ungenijibu, na jibu ndilo ninaloliogopa.

Sema kwanza wewe. Kilianza lini?
A.


Wazo, 11 Mei 2025

Kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo sana.

Jumatano Jonas alinipa barua yako, nikasema Jumapili nitaandika, nikijua naweza kuandika hata siku hiyohiyo na Mama Mlezi asinikatalie. Sikuweza. Niliona nikitaja siku utahesabu, na ukishahesabu utakuja na gari, na mimi nitalala pale alipolala Fransis, umezima feni, umeshika mkono wangu, na mama anapanda basi la kuja kunizika. Nikaona bora nisitaje. Kisichotajwa hakihesabiki. Ni ujinga, najua.

Kidole kinawasha. Palepale penye kovu. Sikuni. Kwenye sala naukalia mkono, usiku nauweka chini ya mto, kwa sababu naona nikikuna tu nitakuwa nimekiri. Kila asubuhi nachota maji kikombeni na kusimama nayatazama kabla ya kunywa, na wenzangu wanadhani ni ibada. Nimechoka, kaka. Nikiwa na miaka sita ningekuita ukaja kuangalia chini ya kitanda.

Kilianza Jumapili ya Matawi. Nilikuwa kwenye maandamano nimeshika tawi la mnazi, nikadhani ni upupu. Ile Jumatatu ya Pasaka ulipofika getini kilikuwa kinawasha; kovu nilikuonyesha, muwasho nikauficha. Kinawasha mpaka ninavyoandika sasa.

Nimesema. Zamu yako.
Felicitas


Wazo, nje ya geti, 11 Mei 2025

Felisi,

Nipo hapa tangu misa ya kwanza. Jonas amenipa barua yako mkononi badala ya kuipeleka kwa bodaboda, na sasa naandika nyuma ya karatasi hiyohiyo kwa kalamu ya Jonas, juu ya goti, kwa hiyo samehe mwandiko.

SIKU NNE.

Mguu wa Fransis ulimwasha siku nne, ya tano akaogopa maji. Yule mgonjwa wangu wa kwanza, kabla ya Fransis, alifika siku sita. Vitabu vinasema wachache wanakaribia wiki mbili, na nimevisoma vyote wiki hii, hata vya wenzangu. Jumapili ya Matawi ni mwezi mzima umepita. Mwezi, Felisi! Kichaa cha mbwa kikishaanza kuwasha hakina subira ya mwezi mzima na mtu anamwagilia kabichi. Hicho ni kidonda. Uliumwa kwenye kidole, penye mishipa midogo mingi ya fahamu, ikachanika, na inapona vibaya. Nawaona watu wa hivyo kila wiki, wa visu, wa misumari, nawaambia warudi nyumbani. Ungenitajia Jumatatu ile ningekupima, ningekuwa na hofu wiki moja, na tungemaliza. Na mie ningekujibu tarehe ishirini na tisa, ungehesabu mwenyewe ukalala. Tumefungana wenyewe kwa wenyewe, mie na wewe, bila kabati la mtu.

Sindano ya nne wanasema umeshachoma. Imebaki moja, utachoma.

Mama Mlezi amekuja hapa getini akaniuliza, "Daktari, leo unalia nini tena?" Nimemweleza. Amekaa chini kwenye mchanga na kanzu yake nyeupe, hajasimama bado. Amesema ukimaliza kusoma utoke, hajaweka muda.

Usiukalie tena huo mkono. Jikune, mdogo wangu. Jikune mpaka uchoke.
Kaka yako